Tupeane uzoefu: maduka kadhaa, chukudu moja (Goma)

Mwenye butiki, Katindo
Jamani wa Goma, asubuhi njia ya soko Virunga haipitiki, taksi-bisi, moto (pikipiki), magari ya watu binafsi, na ukichungulia ndani ya gari unakuta mtu ametoka mbali kufata mfuko mmoja wa sukari na karto mbili za sabuni, kesho jirani yake anapita njia ile ile kwa vitu vile vile. Kwa avenyu yetu tulisikilizana maduka manne, tunachukulia ku depo moja, jioni kila mtu anatuma komande kwa WhatsApp, asubuhi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, isiyo na pedali, inaleta vyote. Kila mfuko unaandikwa herufi ya duka kwa makala (mkaa), ukipokea unasaini kwa kaye (daftari). Gari yangu inalala nyumbani. Ninyi mnafanya aje?

Mama wa alimantasio, Himbi
Mimi shida ilikuwa wateja. Mtu anasimamisha gari mbele ya mlango kwa njia ndogo vile, anachukua mkate na mayai, nyuma klaksoni tu. Sasa niko pamoja na muuza nyama na duka la dawa, motari mmoja anapeleka vya wote watatu, na mteja analipa usafiri mara moja hata kama alinunua kwetu wote. Hapo ndio walikubali, mbele walikuwa wanasema bora nije mwenyewe.

Niko na chukudu
Mzigo wa maduka mengi ni mzuri kwetu, tunaondoka tumejaa. Ila wenye maduka wanisikie: duka la mwisho ndilo linapakiwa kwanza, la kwanza linakaa juu, ukichanganya utapakua yote katikati ya njia na wewe mwenyewe ndio unaleta ambuteyaji (msongamano). Kushuka upande wa ziwa ni rahisi, breki ni kile kipande cha mpira unakanyaga ku gurudumu la nyuma, lakini kupandisha Munigi tunasukuma watu wawili. Msilipe bei moja kwa njia zote mbili, tafazali.

Wa Majengo
Kwetu ilivunjika juu ya pesa. Mmoja alikuwa anachelewesha, wengine wanamlipia, maneno yakaanza. Tukaanza upya na sheria moja, kila mtu analipa depo mwenyewe kwa simu mbele ya mzigo kupakiwa, haujalipa mfuko wako unabaki. Tangu hapo hakuna kelele.

Dada yangu yuko Uholanzi
Ku Nijmegen walianza hii 2008, mizigo ya maduka madogo yaliyojiunga ilikuwa inashukia depo moja nje ya katikati ya mji, halafu inaingizwa kwa pamoja, ili kamio (malori) zisizunguke duka kwa duka. Sisi chukudu tunazo tayari, kinachokosa ni depo ya pamoja, hata pale Ndosho.

Mwenye butiki, Katindo
@Niko na chukudu, nimekuelewa kwa ile bei ya kupandisha, nitaiongea na wenzangu leo jioni. Na mvua mnafanya aje na unga? Sisi tunafunika na shitingi lakini maji yanaingia chini.