Naomba ushauri: nitunzeje postikadi za marafiki bila kuzitenga na maisha ya nyumbani?

Mwandikiwa (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Nimekuwa nikikusanya postikadi kwa muda mrefu, na mkusanyiko wangu una sehemu mbili. Ya kwanza ni kadi za zamani zilizowahi kutumwa na watu nisiowajua kabisa. Ya pili, ambayo moyo wangu uko huko zaidi, ni kadi ninazoandikiana na kikundi kidogo cha marafiki. Tunaelezana mambo ya siku za kawaida tu: nani amehama chumba, nani amebadilisha kazi, nani amekosa usingizi kwa sababu ya mvua, na paka wangu amefanya nini juma hilo. Paka huyo amekuwa mmoja wetu, kiasi kwamba kila rafiki anayeniandikia humtumia salamu zake kwa jina, nami nikijibu huanza na habari zake kabla ya zangu.

Shida iliyonileta hapa ni hii. Marafiki wanapokuja kunitembelea, tunazitandaza kadi mezani na kuzisoma kwa sauti, na paka naye hupanda na kujilaza juu yake. Ndugu mmoja mwenye uzoefu wa kutunza karatasi ameniambia kwamba kadi hizo hazitadumu, na kwamba mkusanyaji makini huzifungia kabatini na kuzitazama mara chache. Hoja yake ina uzito, kwa kuwa pembe za baadhi ya kadi zimeanza kukunjika na rangi za zile zilizobandikwa ukutani zinapauka. Hata hivyo, naona vigumu kuifungia kadi mahali ambapo hata yule aliyeiandika hataweza kuishika tena.

Naomba mnishauri kama kuna njia ya kuzilinda bila kuziondoa katika maisha yetu. Pia baadhi ya marafiki wamepunguza kuandika wakisema hawana jipya la kusimulia, na ningependa kuwahimiza bila kuwasumbua. Tena, rafiki mmoja amependekeza tuweke picha za kadi zetu mtandaoni ili watu wengine wazisome, nami sina hakika kama hilo ni haki yangu.

Karatasi Kongwe

Ndugu Mwandikiwa, karibu sana. Ndugu yako amesema kweli kuhusu madhara, lakini kabati si dawa pekee. Karatasi huharibiwa na mambo machache yanayojulikana vizuri: mwanga, unyevu, joto linalopanda na kushuka, asidi, wadudu, na mikono yetu wenyewe. Ukiyashughulikia hayo moja baada ya jingine, utagundua kwamba mengi hayahusiani na marafiki wala paka.

Anza na ukuta, kwa sababu mwanga ndio adui asiyesamehe. Rangi iliyopauka haiwezi kurudishwa, na madhara ya mwanga hujumlika. Saa za leo huongezwa juu ya saa za jana, hata kama mwanga wenyewe ni hafifu. Ziondoe ukutani kadi zote halisi. Piga nakala ya kila kadi kwa skana, mbele na nyuma, kwa ubora wa nukta 600 kwa inchi, kisha chapisha nakala na uzibandike ukutani kadiri upendavyo. Nakala ikipauka, utachapisha nyingine.

Kwa kadi halisi, tafuta vifuko angavu vya plastiki ya aina ya polipropilini au poliesta, ukiepuka kabisa vile vya plastiki ya PVC, ambavyo kadiri vinavyozeeka hutoa kemikali zinazokula karatasi na kunatana na picha. Pima kadi zako kabla ya kununua, maana kadi nyingi za zamani zina ukubwa unaokaribia sentimita 9 kwa 14, ilhali nyingi za siku hizi ni sentimita 10.5 kwa 14.8, na kadi ndogo inayoteleza ndani ya kifuko kikubwa huumia pembe. Zisimamishe ndani ya boksi la karatasi isiyo na asidi, zisibanane wala zisilegee hadi zikapinda. Boksi likae ndani ya chumba chenye hewa tulivu, mbali na ukuta wa nje, bafu na jiko. Unyevunyevu wa asilimia 30 hadi 50 unafaa. Usitumie selotepu wala gundi kwa sababu yoyote, hata kwa kadi iliyochanika, na ukitaka kuandika maelezo nyuma ya kadi tumia penseli laini bila kukandamiza.

Kadi iliyo ndani ya kifuko cha poliesta inaweza kupita mikononi mwa marafiki wote, wakaisoma pande zote mbili, bila kidole kugusa karatasi. Kwa hiyo kile kikao chenu cha kusoma kwa sauti kinaweza kuendelea, na mimi binafsi ningesikitika kama kingekoma.

Sanduku la Bati

Mimi naongeza jambo dogo tu. Wadudu wala karatasi hawana huruma, kwa hiyo weka ndani ya boksi vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo na mende, kisha zifunge kadi kwa utepe au raba bendi katika mafungu ya mwaka mmojammoja. Nimeona watu wengi wakifanya hivyo na kadi zao ziko salama.

Tabibu wa Wanyama

Ndugu Sanduku la Bati, nakuheshimu, lakini ninamwomba mleta uzi asifanye hata moja kati ya hayo mawili akiwa na paka nyumbani.

Vidonge vya nondo hutengenezwa kwa naftalini au kemikali nyingine inayofanana nayo, na vyote ni sumu. Ini la paka lina uwezo mdogo wa kuvunja kemikali za namna hiyo likilinganishwa na la wanyama wengine wengi, na naftalini huharibu chembe nyekundu za damu. Paka hahitaji kumeza kidonge kizima ili adhurike. Mvuke unaojikusanya ndani ya chumba kilichofungwa unatosha kumletea matatizo. Tahadhari hiyohiyo ihusu mafuta yenye harufu kali yanayosifiwa kufukuza wadudu, kama vile ya karafuu, kwa sababu mengi yao yana madhara kwa paka. Wadudu huzuiwa kwa usafi, ukavu na boksi lenye kifuniko kinachobana, na kwa kulikagua mara kwa mara.

Utepe, uzi na raba bendi ni hatari ya aina nyingine. Ulimi wa paka una vijiba vinavyoelekea kooni, kwa hiyo uzi ukishaingia mdomoni ni vigumu kwake kuutema, naye huendelea kuumeza. Ukinasa sehemu moja huku utumbo ukiendelea kusukuma, utumbo hukunjana na unaweza kukatika, na mara nyingi tiba yake ni upasuaji. Ukiona uzi umening'inia mdomoni au nyuma ya paka, usiuvute. Mpeleke kwa daktari mara moja. Hata kadi zinazokuja zimefungwa kwa kamba ya mapambo, ondoa kamba hiyo kabla hujaiweka mezani.

Kuhusu kulala juu ya kadi, paka hafanyi ukorofi. Karatasi humhifadhia joto, zina harufu za mikono ya watu anaowajua, na zaidi ya yote ziko pale ambapo macho yako yameelekea. Anaposugua shavu lake kwenye ukingo wa boksi anaacha harufu yake kutoka kwenye tezi za usoni, na hiyo ni alama kwamba kitu hicho ni cha nyumbani kwake. Kumfukuza kila mara hakumfundishi kitu isipokuwa kwamba meza hiyo ina ugomvi. Mpe boksi lake mwenyewe tupu, la karatasi ngumu, liwe juu ya meza hiyohiyo au kwenye kiti kilicho karibu, na uweke ndani kitambaa ulichokwisha kukivaa. Mwite aingie kabla hujafungua kadi, umsifu akitulia. Paka wengi huchagua boksi, kwa kuwa hupenda kuzungukwa na kuta huku wakiona kinachoendelea.

Muhuri wa Posta

Nimesoma uzi huu kwa furaha kubwa, nami nitajibu lile swali la marafiki wanaosema hawana jipya.

Postikadi ilibuniwa kwa ajili ya watu wasio na jipya kubwa. Mwaka 1869 mchumi Emanuel Herrmann alitoa hoja kwamba barua ndefu, pamoja na karatasi yake, bahasha yake na muda wa kuiandika, ilikuwa gharama isiyolingana na ujumbe mfupi uliobebwa na barua nyingi. Tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo posta ya Austria-Hungaria ikatoa kadi rasmi ya kwanza, isiyo na picha, yenye anwani upande mmoja na nafasi ya maneno machache upande wa pili. Picha zilipoenea baadaye, waandishi walilazimika kubana maneno pembeni mwa picha, kwa sababu upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake. Uingereza iliruhusu upande huo ugawanywe sehemu mbili mwaka 1902, na Marekani mwaka 1907. Ukiwa na kadi ya picha ambayo maneno yake yamezunguka ukingoni, huenda ni ya kabla ya mabadiliko hayo.

Sasa zisome zile kadi zako za zamani uone zinasema nini. Nyingi zinasema nimefika salama, mafua yamepungua, njoo Jumapili, mbwa amekuulizia. Waliokuwa wakiishi katika miji ambayo posta ilipeleka barua mara kadhaa kwa siku waliweza hata kupanga kuonana jioni ileile. Hakuna aliyejiona ana habari ya kihistoria, na bado sisi leo tunazishika kadi hizo kwa mikono miwili.

Kwa hiyo usiwaombe marafiki zako habari. Waulize jambo moja dogo lenye jibu: dirisha la chumba chako linatazama nini sasa, ni sauti gani inakuamsha, kiatu kile ulichokuwa ukikipenda kiliishia wapi. Mtu akiulizwa jambo dogo namna hiyo hupata la kuandika, na nafasi ya kadi inamtosha. Pia zipeni kadi zenu namba za mfululizo, kila mtu na zake, ili ikipotea moja njiani mpokeaji ajue kwamba kuna iliyokosekana. Wapo watu waliodhani wamesahauliwa, kumbe kadi ndiyo iliyopotea.

Wala usione haya kuandika kuhusu paka. Mchoraji wa Uingereza Louis Wain, aliyeishi kati ya mwaka 1860 na 1939, alianza kumchora paka wao aliyeitwa Peter ili kumliwaza mkewe Emily aliyekuwa mgonjwa sana, na baadaye michoro yake ya paka ikaenea duniani kwa njia ya postikadi.

Kadi Safi

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia. Mimi hukusanya kadi zisizoandikwa, na naamini kadi nadra ya zamani haipaswi kupita mezani hata ikiwa ndani ya kifuko. Mleta uzi atenganishe sehemu zake mbili kwa dhati. Kadi za zamani, hasa zile ambazo ni picha halisi zilizosafishwa kwenye karatasi ya picha, zikae kabatini na wageni waonyeshwe nakala, kwa sababu tabaka lao la juu hukwaruzika na kupasuka zikipindwa. Kadi za marafiki ni jambo jingine; aliyeziandika yuko hai na anaweza kuamua mwenyewe kama anataka ishikwe au ilindwe.

Mwandikiwa (mleta uzi)

Nawashukuru nyote, na zaidi Tabibu wa Wanyama, kwani vile vidonge nilikuwa nimeshashauriwa kuvitumia na mtu mwingine pia. Nakubaliana na Kadi Safi kuhusu kuzitenga sehemu hizo mbili. Boksi la paka nimeliweka mezani tayari, naye ameingia bila kubembelezwa. Limebaki swali langu la picha za mtandaoni.

Wino na Haki

Ndugu Mwandikiwa, katika nchi nyingi sheria hutenganisha vitu viwili: kadi yenyewe ni mali ya aliyeipokea, lakini haki ya kuyachapisha maneno yake hubaki kwa aliyeyaandika. Hivyo unaweza kuitunza, kuionyesha wageni wako au kuirithisha, ila kuyatangaza maneno ya rafiki yako kunahitaji idhini yake. Hata picha iliyo upande wa mbele inaweza kuwa na mwenyewe, ambaye ni mpigapicha au mchoraji wake.

Mbali na sheria kuna uaminifu. Kadi husafiri wazi na kila anayeishika njiani anaweza kuisoma, lakini mwandishi aliikubali hatari hiyo akiwa na msomaji mmoja moyoni. Mwombe kila rafiki ruhusa kadi kwa kadi, kwa sababu anayekubali kuonyesha salamu za paka huenda asikubali kuonyesha mistari aliyoandika siku aliyofiwa. Ukipata ruhusa, ficha anwani zote mbili, jina la ukoo, na chochote kinachotaja watoto, ugonjwa au siku ambazo nyumba itakuwa haina mtu. Fanya kazi hiyo kwenye nakala uliyoiskani, kamwe usiifute wala kuifunika kadi halisi kwa wino. Pia uhifadhi nakala kamili ambayo haijafichwa kitu, iwe yako na ya kikundi chenu.

Karatasi Kongwe

Nirudi kwa neno moja nililolisahau. Waombe marafiki zako waandike tarehe kamili, pamoja na mwaka, kwa mkono wao juu ya kila kadi. Muhuri wa posta mara nyingi huwa hausomeki, na kadi nyingine hufika bila kugongwa kabisa. Wewe nawe andika kwa penseli, pembeni kabisa, siku iliyokufikia.