Naomba ushauri: mwanangu aache chuo aingie NFL (ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani) mwaka huu, au abaki amalize digrii?

MamaWaKavimvira

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Naandika saa tisa usiku, nimetoka kazini kiwanda cha nyama na usingizi umekataa kuja.

Mimi ni Mkongomani wa Uvira. Tulikaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka 11, na mwaka 2014 tukaletwa Marekani. Sasa tunaishi Iowa. Mwanangu wa pili alizaliwa kambini na alifika huku ana miaka tisa, anajua soka ya kwetu tu. Kocha wa shule alimwona anavyokimbia, akamvisha helmeti. Leo ni mkimbiaji wa timu ya chuo, yule anayekabidhiwa mpira ili aupenye ukuta wa watu wenye kilo 130. Msimu huu amepita yadi 1,300.

NFL wanataka mchezaji awe ametimiza miaka mitatu tangu amalize sekondari, naye ametimiza. Mwisho wa kujiandikisha kwa drafti, yaani timu za NFL kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi kwa raundi, ni katikati ya Januari, na drafti yenyewe ni Aprili, Pittsburgh. Amebakiwa na mwaka mmoja wa kucheza chuoni na kozi tisa za digrii ya uhasibu. Chuo kimesema akibaki kitamlipa dola 450,000 kwa mwaka huo, maana tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja.

Mawakala wanapiga simu kabla hata sijavua viatu vya kazi. Mmoja alimletea mdogo wake raba mpya, nikamwambia azichukue arudi nazo.

Jumapili alikuja nyumbani. Alfajiri nikamkuta jikoni, mguu wa kulia ameuzamisha mpaka pajani kwenye pipa ninalolowekea nguo, limejaa barafu, daftari la uhasibu liko mapajani. Alipoutoa, goti lilikuwa limevimba hata kofia ya goti haionekani. Nikamuuliza, linauma? Akajibu, "Mama, hili la kawaida." Ana miaka 20.

Baba yake alifia kambini. Mimi niliishia la sita. Tulipomzika baba yao nilisema kwa sauti, watu wakisikia, kwamba watoto wake watasoma mpaka mwisho. Sasa najiuliza kama ahadi yangu inaweza kumvunja miguu mtoto. Nishaurini kama mngekuwa mnamshauri wa kwenu.

Mluguru_Dallas

Shikamoo mama. Mimi nasema aondoke, na sababu ni nafasi anayocheza. Angekuwa mrusha mpira ningesema vingine, mrusha mpira anaweza kucheza mpaka miaka 35 na zaidi. Mkimbiaji anagongwa kila anaposhika mpira, na mwili wake una idadi ya vipigo unavyoweza kubeba. Vya chuoni vinahesabiwa humohumo.

Mtafute Bryce Love, mkimbiaji wa chuo cha Stanford. Mwaka 2017 alikimbia yadi 2,118, akawa wa pili kwenye kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Angeweza kuingia drafti ya 2018. Akarudi chuoni, kwa sababu nzuri kabisa, alitaka digrii na alikuwa na ndoto ya udaktari wa watoto. Desemba 2018 kano ya goti ikakatika. Timu ya Washington ikamchukua raundi ya nne mwaka 2019, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya msimu rasmi wa NFL. Kila nikimkumbuka roho inaniuma.

Binti_Likoni

Mama pole na kazi za usiku. Naomba nipingane na kaka hapo juu kwa heshima. Najee Harris wa chuo cha Alabama alikuwa mkimbiaji vilevile. Alibaki mwaka wa nne, akashinda ubingwa wa vyuo wa msimu wa 2020, akachaguliwa raundi ya kwanza, nafasi ya 24, na timu ya Steelers. Travis Etienne wa Clemson naye alibaki mwaka huohuo, akachaguliwa wa 25. Kwa hiyo kubaki peke yake hakumwangushi mtu.

Na wakati wao chuo kilikuwa hakilipi. Leo mtoto anaahidiwa dola 450,000 akiwa bado darasani. Hela hiyo inamtoa mama yake kiwandani.

MamaWaKavimvira

Asanteni. Binti, hilo la kiwandani usiliweke kwenye hesabu. Sitaki acheze kwa ajili ya mgongo wangu.

MzeeWaUjiji

Mama, mimi nimefuatilia mchezo huu tangu nilipofika Ohio miaka ya tisini. Swali la kwanza kabla ya yote: je, mmeomba tathmini ya NFL wenyewe? Kuna kamati ya wataalamu wa kusaka vipaji kutoka timu zao. Kocha wa chuo anatuma jina, na jibu lao huwa moja kati ya matatu: ana uwezo wa raundi ya kwanza, ana uwezo wa raundi ya pili, au abaki chuoni. Hawaahidi kitu, lakini hawana cha kukuuzia. Wakala anacho.

Haya ya mitandaoni ya kutabiri nani atachaguliwa wa ngapi, msiyalalie. Mwaka 2025 mrusha mpira Shedeur Sanders alitabiriwa raundi ya kwanza mwaka mzima, akasubiri mpaka raundi ya tano, wa 144. Mwaka huohuo Quinn Ewers wa Texas aliacha mwaka wake wa mwisho wa kucheza chuo, akachukuliwa raundi ya saba, wa 231. Magazeti yaliandika kwamba vyuo vingine vilikuwa tayari kumlipa mamilioni akihamia kwao. Raundi ziko saba tu mama, na wa raundi ya saba dhamana yake ni ndogo mno. Timu inaweza kumwacha Agosti na isidaiwe chochote cha maana.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Mkataba wa kwanza wa aliyechaguliwa ni wa miaka minne, na hauruhusiwi kufunguliwa upya mpaka amalize misimu mitatu. Kiwango chake kinategemea umechaguliwa wa ngapi, hakuna kubembeleza. Fedha kubwa iko kwenye mkataba wa pili. Akiingia sasa, mkataba wa pili unamkuta na miaka 24 au 25. Akisubiri, unamkuta mwaka mmoja mbele, na timu humtazama mkimbiaji wa umri huo kama gari lililotembea sana. Hapo ndipo Mluguru ana hoja.

Kwa hiyo mimi: kamati ikisema ya kwanza au ya pili, aende. Ikisema abaki, abaki, hata mawakala kumi waseme vingine.

Mkamba_Minneapolis

Mama, nitaandika jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Mimi nilicheza. Ulinzi, chuo fulani cha kawaida. Niliacha mwaka wa mwisho kwa sababu mtu aliniambia "huwezi kukosa raundi ya nne". Tulikaa sebuleni siku tatu, mamangu amepika pilau ya watu 40. Jina halikuitwa. Timu moja ikanichukua bila drafti, nikafanya nao mazoezi majira yote ya joto.

Siku ya kupunguza wachezaji kijana mmoja wa ofisi alikuja kwenye kabati langu akasema kocha ananiita, nije na tableti. Ile tableti ndiyo ina michezo yote ya timu. Ukiambiwa uje nayo, umekwisha. Niliweka viatu vyangu kwenye mfuko mweusi wa taka, nikasubiri teksi kwenye maegesho. Nilikuwa na miaka 22, bila digrii, na ufadhili wa chuo ulikuwa umekatika.

Digrii niliimaliza nikiwa na 31, kwa mkopo ambao nalipa mpaka leo. Kwa hiyo akiondoka, mtake chuo kiandike, kwa maandishi yenye sahihi, kwamba akirudi kumalizia zile kozi tisa ufadhili wake utakuwepo. Waulizeni sasa wakati bado wanambembeleza. Februari hakuna atakayepokea simu yenu.

Mwana_Fizi

Mama, mimi ni wa kwetu kule, nakusalimu sana. Mkongomani aliyewahi kupita njia hii ni Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa. Mwaka 1995 alikimbia yadi 313 akiwa chuo cha Michigan dhidi ya chuo cha Ohio State, watu wa huko wanaikumbuka mpaka leo. Akaacha chuo na mwaka mmoja mkononi, timu ya Panthers ikamchagua wa nane mwaka 1996. Goti likakatika msimu wake wa kwanza tu. Majeraha yakamwandama, na 2001 ukawa msimu wake wa mwisho. Lakini fikiria goti lile lingekatika mwaka mmoja nyuma, akiwa bado Michigan bila mkataba wowote.

Na kuhusu ahadi yako kwa marehemu: mkimbiaji Emmitt Smith aliacha chuo cha Florida baada ya miaka mitatu, huku amemwahidi mama yake kwamba atamaliza. Akapata digrii mwaka 1996 akiwa tayari bingwa wa NFL mara tatu na timu ya Cowboys. Ulisema watasoma mpaka mwisho. Hukusema mwaka gani.

Nesi_Louisville

Samahani, mimi naona mnaruka kitu. Goti limevimba mpaka kofia haionekani na mtu anaambiwa ni kawaida? Mama, apigwe MRI na daktari asiye wa chuo, wiki hii. Timu za NFL zitalipima tu kwenye vipimo vya kabla ya drafti kule Indianapolis, na kama kuna tatizo watalijua kabla yenu. Afadhali mjue nyie kwanza.

Akibaki, msikubali bila bima ya ulemavu na ya kushuka thamani. Chuo kikimtaka kweli kilipe malipo ya bima hiyo. Mwaka 2016 Jaylon Smith wa Notre Dame aliumia goti kwenye mechi yake ya mwisho ya chuo, akaporomoka mpaka raundi ya pili, na bima ilimfidia sehemu ya alichopoteza.

Jingine dogo: ana uraia? Wanafunzi wa viza ya F-1 wanapata shida na malipo haya ya vyuo.

MamaWaKavimvira

Ana uraia, Nesi, asante kwa kuuliza.

Nimerudi. Jibu la kamati lilifika Alhamisi: raundi ya pili. Picha ya goti imepigwa hospitali ya hapa mjini. Kano ni nzima, kuna maji na gegedu imechubuka kidogo, daktari kasema apumzike wiki sita.

Jana nilimkalisha mezani nikamsomea yote mliyoandika, hata ya kaka wa Minneapolis. Alipofika pale pa mfuko wa taka aliniomba nirudie. Akanyamaza sana. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Mama, ukiwa wewe peke yako, bila baba, ungeniambia nini?" Nikamwambia ningemwambia aende, kwa sababu nimeona lile goti kwenye pipa langu na siwezi kuliona mwaka mwingine bure.

Anajiandikisha Jumatatu. Kundi la familia la Uvira nimeliambia hakuna fedha yoyote mpaka nitakapowaambia mimi mwenyewe, na wakala atakayemchagua hatapata zaidi ya ile asilimia 3 ya sheria. Leo saa nane tunaonana na ofisi ya ufadhili kuhusu ile barua ya kozi tisa. Mkamba, kama bado una barua uliyoandikiwa ulipoomba kurudi chuoni, nitumie nione walivyoiandika, ili nijue wasije wakaniwekea maneno yaleyale.