Naomba ushauri: kozi ya msaidizi wa muuguzi Nakuru, nina D+

Binti_Kaptembwa
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naishi Kaptembwa, nimemaliza kidato cha nne na kupata D+. Tangu nyanya apate kiharusi, mimi ndiye ninayemwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani, na kazi hii nimeipenda kwa dhati. Nataka kuisomea. Chuo kimoja hapa mjini kina kozi ya miezi sita. Ofisini wameniambia nikimaliza nitakuwa nesi, nitaajiriwa hospitali kuu, halafu wanipeleke Uingereza. Mama yuko tayari kuuza ng'ombe wa maziwa aliye Molo nipate karo. Naogopa ng'ombe atauzwa bure. Nifanyeje?

Sista_wa_Zamu
Mdogo wangu, ng'ombe asiuzwe kwanza. Mimi ni muuguzi hapa Kisumu na wasaidizi nafanya nao kazi kila siku. Miezi sita haimfanyi mtu nesi. Muuguzi lazima asajiliwe na Baraza la Wauguzi la Kenya, na kwa gredi, cheti cha uuguzi huanzia C- na diploma huanzia C, tena kuna masharti ya Biolojia na lugha. Kwa hiyo kudunga sindano, kuweka dripu na kugawa dawa si kazi yako, hata ukiombwa na nesi aliyechoka. Likitokea la kutokea, huna leseni ya kukutetea.

Lakini kazi yenyewe ni ya heshima na wodi haiendi bila nyinyi. Kuogesha, kubadilisha shuka mgonjwa akiwa juu ya kitanda, kulisha polepole asipaliwe, kupima joto, presha na mapigo ya moyo, kuandika amekunywa kiasi gani na mkojo umetoka kiasi gani. Asiyejiweza anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda vya kulalia. Vitabu vinasema utazame wekundu. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi, kwa hiyo gusa: palipo na joto au ugumu kuliko pembeni, kidonda kiko njiani. Msaidizi mwenye mikono ya namna hiyo naye nampigania abaki wodini kwangu.

Binti_Kaptembwa
Asante sana sista. Umenishtua, maana nyanya ana mahali pagumu kwenye kisigino na nimekuwa nikipasugua kwa mafuta.

Sista_wa_Zamu
Acha kusugua leo hii. Weka mto chini ya muundi, kisigino kielee bila kugusa godoro. Mpeleke kliniki wapaangalie, hasa kama ana kisukari.

Mwalimu_wa_Ufundi
Kuhusu hicho chuo, kuna maswali mawili. La kwanza: kimesajiliwa na TVETA? Hiyo ndiyo mamlaka ya vyuo vya ufundi, na orodha yao iko wazi kwenye intaneti. Usitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani pa mapokezi. La pili: mtihani wa mwisho ni wa nani? Ukiwa wa NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani) au wa CDACC (baraza la serikali la mitaala na mitihani ya vyuo vya ufundi), utashika karatasi ambayo mwajiri mwingine anaitambua. Ukiwa wao wenyewe wanatunga, wanasahihisha na wanatoa cheti, mimi singelipa.

Kisha waulize atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, ni wapi na ya muda gani, na wakuonyeshe barua ya hospitali inayowapokea. Kumwogesha mtu hakufundishwi ubaoni.

Jirani_Nyalenda
Na hiyo ya Uingereza wakikutajia tena, ondoka. Tangu tarehe 22 Julai 2025 serikali ya huko imefunga njia ya viza kwa wahudumu wapya wa matunzo kutoka nje. Marekani nako, sheria ya taifa inataka angalau saa 75 za mafunzo yaliyoidhinishwa na jimbo, na mtihani wa hukohuko. Cheti cha Nakuru hakichukui nafasi yake. Ajenti yeyote wa kazi za nje, mtafute kwanza kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hajagusa shilingi yako.

Mama_Section58
Binti yangu, kuhusu kazi. Za serikali hutangazwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, na hakuna chuo chenye uwezo wa kukuahidi. Nafasi nyingi ziko hospitali za binafsi, nyumba za wazee na majumbani, kwa familia zenye mgonjwa kama nyanya yako. Mimi nimehudumia wagonjwa majumbani hapa Nakuru, na neno langu ni moja: mwandikiane. Saa za kazi, nani ananunua glavu, usiku unalala au unakesha. Wengi huanza na mgonjwa mmoja, wakajikuta wanapika na kufulia ukoo mzima. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Usione haya kuzidai.

Anza pia kuchanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B sasa, kwa sababu ni dozi tatu na kwa kawaida huchukua miezi sita. Cheti cha tabia njema utaomba kupitia eCitizen. Na ukipata barua ya hicho chuo kuhusu atachimenti, iweke hapa tuisome, ila ufiche jina lako.