Madevelopa mnatesti tawi (njia moja ya programu) la "mteja amelipa" peke yake halafu balaa mnatuachia sisi!!

Wadau nimechoka, leo lazima niseme. Kampuni fulani ilitutengenezea mfumo wa kupokea malipo ya M-Pesa kwa Daraja (API ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa), mteja anapata ombi la STK kwenye simu, anaweka PIN, pesa ikiingia oda inaenda stoo yenyewe, isipoingia oda inafungwa na mteja anajulishwa. Siku ya kutuonyesha mtu wao akaweka PIN, oda ikapita, wakapigiwa makofi. Sasa tuko laivu na mteja akikansel tu oda inaning'inia, mzigo umeshikiliwa stoo na hauuziki, na anayepigiwa simu za matusi ni dada wa huduma kwa wateja.

Sababu inauma. Malipo yakiisha Daraja inatuma kolibaki, yaani ujumbe wa matokeo, wenye namba ya matokeo iitwayo ResultCode. ResultCode ikiwa 0, yaani amelipa, kolibaki inakuja na sehemu iitwayo CallbackMetadata yenye kiasi na namba ya risiti, mteja akikansel inakuja 1032 na hiyo CallbackMetadata haimo kabisa. Programu yao inasoma risiti KABLA ya kuangalia ResultCode, kwa hiyo inakufa hapohapo. Else yao (sehemu ya "kama hajalipa fanya hivi") ipo, imeandikwa vizuri tu, na haijawahi kufikiwa hata siku moja!

Ukiwauliza wanakwambia koverej, yaani kiasi cha programu kilichopitiwa na testi, iko juu. Koverej ya mistari jamani! If isiyo na else ukiitesti mara moja sharti likatimia, mistari yote inahesabiwa imepitiwa, na upande wa sharti kutotimia hakuna aliyeugusa. Pimeni ya matawi.

Na msiniambie gharama, hapo haihitajiki pesa wala simu, kolibaki ni JSON tu (maandishi yenye mpangilio), itungeni wenyewe muitume kwenye seva ya majaribio. Tumeni 0, tumeni 1 ya salio kutotosha, 1032, 1037 ya simu kutopatikana, 2001 ya PIN mbovu, halafu namba ya kubuni isiyokuwepo muone inaangukia wapi. Ile ya 0 irudieni mara mbili, oda isije ikatoka mara mbili. Na mkiuliza hali ya malipo, huko jibu linarudi "0" ya maandishi wakati kolibaki inaleta 0 ya tarakimu, kwa JavaScript ukilinganisha na ===, inayotaka hata aina ya data ifanane, malipo yaleyale moja inasoma amelipa nyingine inasoma ameshindwa!!

Awamu ya mwisho ya pesa yao tumeizuia mpaka tuone testi ya kila tawi ikikimbia mbele yetu. Kama na wewe unakaribia kukabidhiwa mfumo wa hivi, usisaini kabla hujaona mteja akikansel.