Rejista ya vihatarishi ipo, miti tumepanda, mbona mahindi bado yanaota kuvu?

KaraniKibaigwa: Wakuu, habari za humu. Ghala la mahindi, Kibaigwa. Mpango wa uendelevu upo: miti, sola, rejista ya vihatarishi (orodha ya mambo yanayoweza kutuletea hasara) yenye mistari 40. Safu ya matukio inasoma sufuri mwaka mzima, ila kila msimu kuna lundo linaharibika. Tunakwama wapi?

MzeeWaBambo: Mkuu, bonasi ya wapokeaji inalipwa kwa kipimo gani? Kama ni tani, tatizo ni hilo. Akirudisha lori lenye unyevu wa 18% anapoteza posho. Akilipokea, hasara ni ya kampuni. Piga hesabu: kilo 100 za 18% zikikaushwa hadi 13.5%, kiwango cha kuhifadhia, zinabaki kilo 94.8. Lori la tani 30 limeshakula tani moja na nusu kabla kuvu haijaanza. Na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, ikishaingia, kukausha hakuitoi wala kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Lipeni bonasi kwa tani zilizofaulu kipimo cha unyevu. Karani awe na mamlaka ya kusimamisha lori bila kumpigia bosi. Bambo (chuma cha kutolea sampuli kwenye gunia) lichomwe hadi magunia ya katikati na ya chini, maana wauzaji hupanga makavu mlangoni. Maabara: sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, aina yake ya B1 peke yake isizidi 5.

Chaga_na_Turubai: Mimi hiyo sufuri ndiyo inanitisha. Ghala gani halipati hata paa kuvuja? Watu wanaona, hawasemi. Ulizia aliyeleta habari mbaya mara ya mwisho alijibiwaje. Kama alifokewa au kukatwa mshahara, hata mkiandika sera kurasa 100 hakuna atakayefungua mdomo.

Mistari 40 punguzeni ibaki mitano, kila mmoja na mhusika, kipimo na kiwango ambacho kikifikiwa kazi inasimama. "Mabadiliko ya tabianchi" bila mhusika ni pambo tu.

KaraniKibaigwa: Bosi atasema wauzaji watahamia kwa jirani.

MzeeWaBambo: Wapo watakaohama, kweli. Kwa hiyo msirudishe yote. Kati ya 13.5% na 18% pokeeni kwa uzito uliokatwa: kilo × (100 − unyevu) ÷ 86.5 (yaani 100 − 13.5), na fomula ibandikwe pale mizani ilipo muuzaji aione. Anikeni siku hiyohiyo juu ya turubai, unene usizidi sentimita 5, mgeuze mara kwa mara. Zaidi ya 18% yarudi. Na kipima unyevu kihakikiwe kabla ya msimu. Kikidanganya pointi mbili, yote hayo ni bure.