Mrejesho: mjomba mwenye kisukari na sigara

Niliuliza kama mjomba wangu, mwenye kisukari cha aina ya pili na kidonda cha mguu kisichopona, ana haja ya kuacha sigara ilhali anajidunga insulini bila kukosa. Nawashukuru mlionijibu.

Daktari alitueleza kwamba nikotini huzifanya seli zisiitikie insulini ipasavyo, hivyo sukari hubaki juu hata dawa ikitumiwa kwa wakati, na kwamba mishipa ya damu, ambayo kisukari huweza kuidhuru hata bila sigara, huzidi kuharibika kwa moshi hadi damu isifike vizuri kwenye miguu, macho na figo. (Kuhamia ugoro, kama mjomba alivyopendekeza, hakusaidii, kwa kuwa nikotini ni ileile.)

Nisilolitarajia ni kwamba kuacha nako kunahitaji uangalizi: insulini huweza kuanza kufanya kazi vizuri zaidi ndani ya wiki 8, na dozi ya zamani ikaishusha sukari kupita kiasi. Kwa hiyo sasa anapima mara nyingi zaidi, na daktari amekwishampunguzia dozi. Uzito umeongezeka kidogo. Kidonda kimeanza kujaa nyama, ingawa bado kinasafishwa kliniki.