Mtoto hakuzaliwa njiti, mbona mishipa ya retina yake haikukamilika?

Mama wa Marangu anauliza:

Ndugu wataalamu na wazazi wenzangu, habari zenu. Mwanangu wa kiume ana miaka 4. Alizaliwa kwa miezi yote 9 akiwa na kilo 3.4, wala hakuwahi kuwekewa oksijeni. Mwezi uliopita nilimwona akigeuza kichwa kila anapotazama kitabu cha picha, na jicho lake la kulia likawa kama linatazama nje. Kliniki ya macho walimtia matone ya kutanua mboni, daktari akachungulia kwa muda mrefu, kisha akatueleza kwamba mishipa ya damu haikufika ukingoni mwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kwamba macho yake yanafanana na ya mtoto njiti. Jina aliloliandika ni FEVR, akasema ni ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya retina. Ametaka mimi, baba yake na mdogo wake wa miezi 7 tupimwe sote, ilhali sisi wazazi tunasoma bila miwani. Ukweni hawajapata kuwa na kipofu, na nimeanza kuulizwa nilikula nini nikiwa mjamzito. Je, ugonjwa wa kurithi waweza kutoka kwa wazazi wanaoona vizuri?

Mtabibu wa macho:

Pole, dada. Kwanza ujue kwamba hakuna chakula ulichokula kilicholeta ugonjwa huu. Mishipa ya retina huanza kuchipua kwenye neva ya jicho takriban wiki ya 16 ya mimba na kusambaa pembeni. Upande wa pua hutangulia kukamilika, na upande wa sikio huwa wa mwisho, karibu na siku za kujifungua. Wewe ni mtu wa Marangu, hivyo fikiria mfereji utokao mlimani: maji yakikwama njiani, shamba la mwisho ndilo linalokauka. Kwa njiti, safari hiyo hukatizwa na kuzaliwa mapema. Kwa mwenye FEVR husimama ingawa muda ulikuwepo.

Retina iliyokosa damu hutoa vichocheo vya kuotesha mishipa mipya, ambayo ni dhaifu, huvuja majimaji yenye mafuta na kuacha makovu, na makovu hayo yanaponywea huivuta retina kuelekea upande wa sikio. Kitovu cha kuonea kikihama hivyo, jicho hugeuka nje ili lilenge, na huenda hicho ndicho ulichokiona. Mvuto ukizidi, retina hukunjamana au kubanduka.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Wapo wengi ambao hali yao ni ukingo wa retina usio na mishipa tu, wakaona vizuri maisha yao yote. Rangi ya fluoresini ikidungwa mkononi na picha zikapigwa, matawi ya mishipa huonekana yakikoma ghafla kama fagio la chelewa lililokatwa ncha. Nakusihi usimcheleweshe huyo wa miezi 7, kwa sababu ugonjwa unaoanza utotoni kabisa ndio mkali zaidi, na leza hupigwa kwenye eneo lisilo na mishipa kabla retina haijavutwa.

Mwanafunzi wa jenetiki:

Naongezea kidogo. Madaktari Criswick na Schepens waliueleza ugonjwa huu mwaka 1969, na jeni ya FZD4 ikahusishwa nao mwaka 2002. Baadaye zikafuata LRP5, TSPAN12 na nyinginezo. Protini iitwayo norini hushikamana na kipokezi cha FZD4 kwenye chembe za mishipa, LRP5 na TSPAN12 zikisaidia, na hapo mishipa hupata amri ya kuendelea kukua. Mara nyingi nakala moja yenye hitilafu hutosha, na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi, lakini ukali hutofautiana mno hata kati ya ndugu wa tumbo moja, na hata kati ya macho mawili ya mtu mmoja. Jeni ya norini yenyewe, NDP, iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo mama huweza kuibeba bila dalili na wana wa kiume wakaugua.

Ulizeni pia habari za mifupa, kwa maana LRP5 huhusika na uimara wake. Majibu ya maabara yasipoonyesha kitu, msiache kufuatilia macho, kwani familia nyingi zenye ugonjwa huu hazijulikani jeni yao.

Mama wa Marangu:

Ahsanteni sana. Tumepimwa wiki hii. Mimi sina tatizo. Baba yao ana ukingo usio na mishipa katika macho yote mawili, na hakuwahi kujua. Mama mkwe aliposikia habari za mifupa alinyamaza, kisha akatukumbusha kwamba amevunjika mkono mara 2 kwa kuteleza tu uani, na ameomba naye apimwe macho na mifupa. Mkubwa ameshapigwa leza. Mdogo atachunguzwa Alhamisi chini ya dawa ya usingizi, na bibi yake ndiye atakayembeba kwenda hospitali.